Kisingizio cha Daktari

Kuna uongo mdogo ambao baadhi ya madaktari wa figo wako tayari kuusema kwa ajili ya mtu mwingine. Mtu ameombwa na jamaa zake atoe figo, na moyoni hataki. Hospitali inaweza kuwaambia jamaa kwamba amepimwa na ameonekana hafai. Basi, hawaelezi zaidi. Jamaa watasikitika, watasema Mungu hakupenda, na yule mwenye hofu atarudi nyumbani na heshima yake. Hii si rushwa wala si ujanja wa hospitali moja mbovu. Katika nchi zilizoanza zamani kazi ya kupandikiza figo, madaktari wameliandikia jambo hili na kulibishania, wengine wakilitetea na wengine wakilipinga. Mimi nimeelezwa kwamba nikitaka kisingizio hicho, kipo.

Nimekaa nacho miezi kadhaa. Ninakileta hapa kwa sababu naona kinatuhusu sisi watu wa kambini kuliko tunavyofikiri. Je, ni halali kupokea uongo ili upate nafasi ya kukataa? Na nyuma ya swali hilo kuna lingine ambalo ni gumu zaidi: mtu kama mimi, aliyekulia kwenye foleni, anajua kweli kukataa?

Anayehitaji figo ni yaya wangu. Sisi wa Kivu ndivyo tunavyomwita aliyetutangulia kuzaliwa. Wenzetu mliopitia Kenya msije mkafikiri ni msichana wa kazi za nyumbani. Ana watoto watatu, na alikuwa na kibanda cha kushonea nguo karibu na soko hapa Nakivale. Presha iliharibu figo zake bila yeye kujua, maana presha haiumi, na sisi huku tunakwenda kliniki kwa kitu kinachouma. Miguu ilipovimba alidhani ni ya kukanyaga cherehani. Alipofika kwa daktari wa mjini, figo zilikuwa zimebakiza kazi kidogo sana. Sasa anasafishwa damu kwa mashine. Kawaida ya mashine ni mara 3 kwa wiki, kila mara kama saa 4. Yeye huenda mara 2, wiki nyingine mara 1, kulingana na kile binamu zetu wa Kanada wametuma na kile kimepatikana kanisani.

Figo mpya ingemtoa kwenye mashine. Isingemponya kabisa: angemeza dawa za kushusha kinga ya mwili kila siku ya maisha yake, na figo inayotoka kwa mtu aliye hai mara nyingi hudumu miaka 15 au 20, haiendi milele. Lakini miaka 15 ni mtoto wake wa mwisho kumaliza shule. Zamani hapa Uganda mwenye shida hiyo, akiwa na uwezo, alikwenda India. Mwaka 2023 nchi ikapata sheria ya utoaji na upandikizaji wa viungo, na Desemba ya mwaka huohuo hospitali ya Mulago ikapandikiza figo kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo mlango upo, hata kama ni mwembamba na una gharama. Damu ya yaya ni kundi O, anapokea kwa O tu. Shemeji ni A. Mimi ni O, na mimi ndiye ndugu pekee wa tumbo moja aliyebaki.

Habari ilipofika kwenye blok yetu, hakuna aliyeniuliza nitafanya nini. Waliniuliza ni lini.

Na sababu yao ni neno moja: alikubeba. Oktoba 2008, vita ilipofika Rutshuru, nilikuwa na miaka saba na nilikuwa nimekanyaga bati, mguu umeoza. Yaya alikuwa na kumi na sita. Alinibeba mgongoni njia ya Bunagana mpaka tukavuka. Habari hii kila mtu anaijua kwa sababu yeye mwenyewe anaisimulia akicheka, anasema nilikuwa mzito kama gunia la mihogo na nilikuwa ninalala. Mzee mmoja wa kanisani alinishika mkono akaniambia: "Alikubeba, na wewe umubebe." Watu wakaitika.

Nilirudi na neno hilo nyumbani na kadiri nilivyoligeuza ndivyo lilivyonikera. Kama ni deni, basi yaya ni mkopeshaji. Alikuwa ananikopesha pale barabarani? Hapana. Alikuwa anakimbia na mdogo wake. Hakuwa anaweka kitu benki ili aje akichukue baada ya miaka kumi na saba. Nikimlipa kama deni, ninabadilisha alichofanya mwaka 2008, ninakifanya kuwa mkopo wakati hakikuwa mkopo. Watafiti wawili wa Marekani, Renée Fox na Judith Swazey, walikaa miaka mingi karibu na familia za watu waliopandikizwa, na wakakipa jina kile walichokiona: udhalimu wa zawadi. Kitu kikubwa mno kurudishwa kinawafunga pamoja aliyetoa na aliyepokea mpaka wanakosa hewa. Wao walikuwa wakisema juu ya figo. Mimi naona kamba inaweza kufungwa zamani kabla ya figo, na mgongo.

Watu pia husema kutoa ni moyo. Sawa, lakini mimi sijaombwa moyo.

Kuna na upande wa pili wa maneno ya kambini, na huo niutaje haraka. Wako wanaosema nimepewa pesa. Wako wanaosema nafuata safari, kwamba familia yenye mgonjwa na mtoaji itapelekwa Ulaya kama kesi ya matibabu. Siwakasirikii. Mwaka uleule wa 2008 wataalamu walikutana Istanbul wakaandika tamko la kupinga biashara ya viungo, kwa sababu waliona figo zinatembea upande mmoja tu, kutoka kwa maskini kwenda kwa wenye nacho. Hospitali ikimwangalia mkimbizi kwa wasiwasi, ikauliza mara tatu kama kweli huyu ni dada yake, inamlinda. Niliulizwa na nilijibu.

Sasa kuhusu idhini. Hapa naomba ninyi mnaofanya kazi na sisi, mnaobeba fomu, msome taratibu.

Tangu 2008 nimeweka dole gumba mara ngapi? Kuandikishwa. Kuhakikiwa. Vidole kumi, halafu macho. Picha ya ripoti, mimi na jerikani. Utafiti wa lishe, utafiti wa malaria, utafiti wa huzuni. Wanafunzi wa chuo kikuu wenye kompyuta ndogo. Karibu kila fomu ina mstari unaosema: unaweza kukataa, na huduma zako hazitabadilika. Mtu huusoma kwa sauti na ninaamini anausema kwa ukweli. Lakini mimi sijawahi kuona mtu wa blok yetu amekataa. Siyo kwamba tunapenda maswali. Ni kwamba hatujui ni nani anaandika nini wapi. Mwaka 2023 mgao wa chakula ulipopangwa kwa makundi, wengine wakabaki na kidogo na wengine wakatolewa kabisa, kila mtu alijiuliza jibu gani lake la zamani ndilo lilimweka kundi lile. Pengine hakuna jibu lolote lililomweka. Lakini mtu akiishi hivyo, ndiyo inakuwa salamu. Unaitoa kabla hujasikia swali.

Nilikwenda hospitali na ndiyo ya namna hiyo mfukoni. Mama mmoja wa ustawi wa jamii aliwaomba shemeji na mchungaji watoke nje. Alifunga mlango. Akaniambia kwamba yeye hamtibu yaya, yuko pale kwa ajili yangu mimi tu. Nilidhani ataniuliza kama nakubali. Hakuniuliza hivyo. Aliniuliza: "Ukikataa, nani atakasirika?"

Nilikaa kimya. Nilianza kuhesabu watu na vidole havikutosha.

Ndipo akanieleza kwamba ninaweza kuacha leo, kesho, hata siku ya upasuaji nikiwa nimeshavalishwa gauni. Kwamba nikiacha, nje watasema tu kuwa sifai kutoa, na hakuna atakayeambiwa sababu. Ile ilikuwa mara yangu ya kwanza kupewa fomu ambayo mwenye fomu amefikiria kweli itakuwaje nikisema hapana.

Nilipotafuta kujua wengine walifanyaje, nilirudi mpaka kwa wa kwanza kabisa. Desemba 23, 1954, katika mji wa Boston, kijana aliyeitwa Ronald Herrick alimpa figo pacha wake Richard. Daktari aliyeongoza alikuwa Joseph Murray, ambaye mwaka 1990 alipewa tuzo ya Nobel. Walitaka kuhakikisha kwamba hao ni pacha wa kufanana kabisa, maana zamani hizo mwili ulikataa figo ya mtu mwingine yeyote. Kati ya vipimo walivyofanya, waliwapeleka kituo cha polisi wakachukua alama zao za vidole. Nilicheka niliposoma. Hata wao walianzia kwenye vidole.

Mambo mawili ya Ronald yalinishika. Moja, kabla ya kukubali aliwauliza madaktari kama hospitali itamtunza maisha yake yote. Hospitali haikuweza kuahidi hivyo. Daktari mmoja akamrudishia swali: je, anadhani kuna mtu ndani ya chumba kile angekataa kumsaidia akiwa na shida? Ronald akatafakari, akaona kwamba hana mkataba, ana watu tu. La pili ni la usiku wa kuamkia upasuaji. Richard, yule mgonjwa, ambaye bila figo alikuwa anakufa, alimwandikia nduguye kikaratasi akimwambia aondoke, arudi nyumbani. Ronald akamwandikia kwamba yupo na atabaki.

Kikaratasi kile nimekifikiria sana. Richard ndiye aliyekuwa na haja kuliko wote, na ndiye aliyefungua mlango. Hakumwachia daktari kazi hiyo. Na baada ya hapo ndiyo ya Ronald haikuwa tena ya kujibu familia, wala magazeti ambayo tayari yalikuwa mlangoni. Richard aliishi miaka 8 zaidi, akaoa muuguzi wa hospitali ileile, wakazaa watoto wawili. Ronald aliishi na figo moja miaka 56, akafa mwaka 2010 akiwa mzee wa miaka 79.

Sasa kuna watu ambao wangeniambia kwamba maneno yote haya ya uhuru ni kujizungusha. Kuna Mmarekani mwingine, Zell Kravinsky, tajiri wa majumba aliyegawa karibu mali yake yote, na mwaka 2003 akatoa figo kwa mtu asiyemjua. Hoja yake ni ya hesabu. Hatari ya kufa ukitoa figo, alisema, ni kama 1 kwa 4,000. Basi mtu anayekataa kumwokoa mwenzake anathamini maisha yake mara 4,000 kuliko ya yule mwingine. Nani anaweza kusema hivyo bila aibu?

Hesabu hii ilinisumbua wiki nzima. Sikuweza kuipinga kwa kusema nampenda mtoto wangu, kwa sababu hata yaya ana watoto, tena watatu. Na namba si za uongo. Uchunguzi wa Marekani wa watoaji zaidi ya 80,000 ulipata vifo kama 3 kwa kila watoaji 10,000 katika siku 90 za kwanza. Uchunguzi mwingine uliotolewa mwaka 2014 ulitazama mbali zaidi: hatari ya mtoaji kupata yeye mwenyewe ugonjwa wa figo kushindwa, maisha yake yote, ilikadiriwa kuwa kama 90 kwa 10,000, wakati kwa mtu mwenye afya kama yake ambaye hakutoa ni kama 14. Kwa watoaji weusi hatari ilikuwa kubwa kuliko kwa weupe. Bado ni ndogo. Chini ya mtu mmoja kwa mia.

Mke wangu ndiye aliyeniamsha, na hakuwa amesoma kitu. Nilimwonyesha zile namba kwenye simu. Akaniambia, "Wewe unahesabu kufa. Mimi nahesabu majerikani."

Alikuwa anasema kweli. Mtoaji huambiwa asibebe kitu kizito kwa wiki kama sita. Jerikani moja ya lita 20 ni kilo 20. Sisi tunatumia tano au sita kwa siku. Jembe lenyewe usiseme. Halafu baada ya wiki sita inaanza ile kazi ndefu: kupimwa presha, mkojo na damu kila mwaka, kunywa maji ya kutosha, kukwepa diklofenaki na ibuprofeni, zile ambazo duka la dawa la hapa hukupa ukisema tu mgongo. Watoaji 80,000 wale walikuwa na mahali pa kwenda presha ikipanda. Namba yao ilihesabiwa pamoja na hospitali yao, barabara zao, na mshahara wa wiki walizolala. Namba imesafiri mpaka kwenye simu yangu, hospitali imebaki kule.

Kwa hiyo simwambii Kravinsky kwamba amekosea hesabu. Namwambia amehesabu mwili ulio kwake. Watu husema mtu ana figo mbili, moja ya kazi na moja ya akiba, na kwamba kukataa kutoa akiba ni uchoyo. Mimi naona akiba ni kitu kinachotegemea unaishi wapi. Kwa mtu wa Philadelphia akiba yake ni kliniki, na bima, na ambulansi. Figo ya pili inakuja nyuma ya hizo zote. Kwangu inakuja ya kwanza. Yaya mwenyewe ni ushahidi: alikuwa na mbili, zote zikaenda kimya kimya kwa kitu ambacho kipimo cha dakika mbili kingekionyesha. Ninachoombwa hapa ni kikubwa kuliko kile Kravinsky alichotoa, hata kama nyama ni ileile na inapimwa gramu zilezile.

Hii haimaanishi nisitoe. Ronald naye alipewa neno tu, hakupewa mkataba. Inamaanisha kwamba hakuna mtu, wala mzee wa kanisani wala mwanafalsafa, anayeweza kuniambia ni wajibu wangu, kana kwamba naombwa kikombe cha chumvi. Na kama si wajibu, basi kukataa si kosa. Na kama kukataa si kosa, kwa nini kunahitaji kisingizio?

Nimerudi pale pale. Nikitazama vizuri naona kuna namna mbili za kisingizio, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni daktari kusema damu zimekataana wakati hazikukataana. Huo ni uongo mtupu, na una hatari yake, maana familia itaacha kutafuta kwa ndugu wengine au itaogopa ugonjwa ambao haupo. Ya pili ni kusema hafai na kunyamaza. Wanaoitetea wanasema huo si uongo: mtu asiyetaka kweli hafai, kwa sababu utayari ni sehemu ya kufaa kama vile damu ni sehemu. Naielewa hoja hiyo, na naiona ni ya akili. Mke aliyeozwa, kijana anayekula kwa mjomba wake, mtu atakayepigwa akirudi na hapana: hao wote wapewe kisingizio, na daktari alale usingizi. Sitaki mtu asome makala hii aende kumnyang'anya mtu kama huyo mlango wake wa nyuma.

Lakini mimi sitapigwa. Nitatazamwa tu vibaya kisimani. Na nikipita mlango wa nyuma wakati mlango wa mbele uko wazi, kuna vitu viwili vinabaki ndani. Kimoja, yaya ataishi, miaka iliyobaki, na habari isiyo kamili juu ya mdogo wake. Atanihurumia. Ataniambia pole kwamba mwili wangu ulikataa, na mimi nitaitikia pole hiyo kila Jumapili. Sijui kama ningeweza kula chakula chake. Kingine, blok yetu itaendelea kuamini kwamba hakuna mtu anayekataa. Kila mtu "aliyepimwa akaonekana hafai" anaacha hadithi ileile nyuma yake: wenye afya wote walitoa, waliobaki ni miili tu iliyoshindwa. Atakayefuata, na presha hii itamleta, atakuta ukuta umeongezwa tofali.

Wenzangu wawili niliowasomea rasimu hii walisema najifanya shujaa, kwamba ni rahisi kusifu ukweli kwa mtu ambaye pengine atasema ndiyo. Ni kweli kwamba pengine nitasema ndiyo. Lakini nimeona kwamba siwezi kuijua ndiyo yangu ni ya namna gani, ya mapenzi au ya foleni, mpaka nijue ningeweza kuivaa ile nyingine mchana, mbele za watu.

Basi nilikwenda kwa yaya. Ilikuwa siku isiyo ya mashine, alikuwa amekaa mkekani anatatua mshono wa sare ya shule. Nilimwambia vitu vyote: chumba kile, swali la nani atakasirika, kisingizio. Nikamwambia, "Yaya, nikikataa, utaisikia kwangu. Usimwamini daktari akikwambia sifai. Na kama naendelea, naendelea mimi, si mzee, si Bunagana."

Alikata uzi kwa meno. Nilifikiri atalia, au atanikumbusha lile gunia la mihogo. Badala yake aliuliza, "Na mimi, ule mama ataniuliza lini?"

Sikumwelewa.

"Kila mutu anakuuliza wewe kama utatoa," alisema. "Hakuna hata moja ameniuliza kama minataka. Unaona ni kitu kidogo, kutembea na kipande ya mudogo wako ndani ya tumbo? Kama unagonjwa kesho, minaficha wapi uso? Pengine minaikataa. Pengine minaitaka sana mpaka naona haya. Lakini waniulize."

Kwa miezi yote hiyo nilikuwa nimemweka upande wa wanaopokea tu. Sikujibu kitu. Nilimsaidia kukunja sare.

Kipimo changu cha kuangalia figo zinavyochuja ni mwisho wa mwezi huu. Nimepiga simu kwa yule mama wa ustawi wa jamii nikamwomba siku hiyo aanze na yaya, peke yake, shemeji na mimi tukae nje kwenye benchi. Alisema inawezekana, ila tufike kabla ya saa tatu. Boda tumeshamwambia.